Onja Kwanza

Gari lilikuwa limeshaiacha Kaberebere nyuma Léoncie alipouliza nani atamwagilia mboga zake kule kambini Nakivale. Bibi wa Kirundi huyo, miguu imekufa, watoto wote wametangulia udongoni. Divine, binti wa Kikongomani jirani yake, alimshika kiuno asirushwe na mashimo. Ndiye aliyemtafutia kitanda katika nyumba ya wazee huko Mbarara, alikofanya kazi ya kulisha na kuosha. Ulikuwa mwaka wa korona, lile wimbi la pili.

"Vumbi hili litaniua," Divine akakohoa.

"Likuue weye kijana? Lianze na mimi," bibi akamcheka.

Mlangoni muuguzi Yonatani, Mnyankore asiyepepesa maneno, alimpa Divine barakoa, aproni ya plastiki na glavu. "Glavu ya kitanda hii usipeleke kitanda ile. Na barakoa usitoe mbele ya mzee, hata akilia. Umesikia, nyabo?"

"Nimesikia, musawo."

Kikohozi hakukitaja. Mwenye kukohoa alirudishwa kwao, na nani angemlisha Léoncie? Ni vumbi tu, akajiambia.

Lakini Léoncie hakula. Kwao anayekupa kinywaji hukionja kwanza mbele yako. Asiyeonja ana lake jambo. Hapa watu waliofunika nyuso walimletea uji kwa mikono ya plastiki. Akafunga meno. Kesho yake midomo ilikuwa imepasuka.

"Léoncie, sumu ni ghali," akasema mzee Anatole wa kitanda cha pili. "Nani ataipoteza kwako?"

Bibi akazidi kukaza meno.

Yonatani akatoa shauri: uji wa birika moja, vikombe viwili, Divine anywe chake nje ya dirisha, bibi akimwona. Wakajaribu. Léoncie akageukia ukuta. "Hata bachawi bako na vikombe mbili. Onja hiki changu."

Divine akatazama mlango. Akashusha barakoa, akaonja, akakoholea kiwiko, akampa. Bibi akanywa mpaka chini.

"Sasa ndiyo mutoto yangu."

"Na mimi je, nife na kiu?" Anatole akanyoosha kikombe chake. "Onja!"

Akaonja na hicho. Akasimama nacho mkononi.

"Leo bamesahau sukari?" Divine akauliza.

"Sukari!" Anatole akapokea, akanywa. "Iko mingi mpaka meno yananiuma."

Divine akapandisha barakoa. Akaenda kumwita Yonatani, akamwambia yote: kikohozi, vikombe alivyoonja, na sukari ambayo ulimi wake haukuisikia.

Léoncie alikufa wiki iliyofuata. Anatole akamfuata. Walizikwa Mbarara, wamefungwa plastiki, na watu waliofunika nyuso. Yonatani aliugua, akapona, akahamia kwenye zahanati. Divine alipona pia, akafukuzwa. Anauza mihogo Nakivale. Mboga za bibi zilikauka, na pale jirani mwingine amepanda mahindi.