Shashi Iliyokauka

Kila alipobandua shashi kwenye kidonda cha mtu, muuguzi alimsikia marehemu mama yake akivuta pumzi kwa meno. Sss. Taratibu, mwanangu. Miaka tisa sasa, na sauti haijachoka.

Leo kidonda kilikuwa cha baba mkwe, kisiginoni, kisukari kimekilea tangu masika. Daktari alishasema: kesho asipoona nyama mpya, mguu unakatwa. Juzi muuguzi alikiosha, akakiacha na unyevu wake, akakifunika vizuri. Leo ameikuta shashi kavu kama gamba, imeng'ang'ania nyama.

"Nani amefungua hapa?"

Mzee akatazama dari. "Mimi simo. Waulize wenye serikali yao."

Mama mkwe akachungulia mlangoni, chupa ya spiriti mkononi. "Nimekianika kidogo tu. Kidonda kinataka hewa, mwanangu. Wewe unakifunika kama umeiba."

Muuguzi alitaka kucheka, akashindwa. Harufu ile ya spiriti ilikuwa ya chumba kingine, cha miaka tisa nyuma.

"Mama, mimi nilikianika cha mama yangu."

Jambo hilo hakuwahi kumwambia hata mumewe.

"Kila asubuhi nilikuwa namtoa nje uani, namwaga spiriti, namwacha juani. Juu kikakauka, majirani wakanisifu. Chini kinaoza. Na kila nikivuta shashi kavu, nang'oa ngozi changa iliyoota usiku. Kwa mikono hii. Walipomkata mguu, hakuamka."

Mama mkwe akakaa kitandani, taratibu, kama aliyesukumwa. "Kwa hiyo mimi nimeshamuua?"

"Niko hapa nasikia," mzee akasema.

"Bado, mama. Weka hiyo chupa. Niletee yale maji ya chumvi niliyoyachemsha, yamepoa. Usivute. Loweka, tusubiri iachie yenyewe."

Mama mkwe akanawa mikono, akamimina kidogo kidogo. Wakasubiri. Dakika tano. Kumi.

"Mnaniloweka kama maharage," mzee akanung'unika.

Pembe moja ikaachia. Kisha ya pili. Muuguzi akakaza meno, akaingoja ile Sss.

Shashi ikateleza ikatoka. Chini yake, katikati palikuwa pamekauka kwa jua, lakini pembeni pote palizungukwa na uzi mwembamba wa nyama nyekundu, mbichi, inayong'aa.

"Ndiyo hiyo?" mama mkwe akanong'ona.

"Ndiyo hiyo. Kesho daktari aione."

Akakifunika. Ile Sss haikuja, naye akajikuta bado ametega sikio.