Cheti Ndani ya Plastiki

Jumatatu, tarehe kumi na nne Machi. Mvua nyepesi ilianza kabla ya mapambazuko, na kufikia saa moja mawingu yalikuwa yamening'inia mazito kama blanketi lisilokamuliwa.

Baba Pacha aliyatazama dirishani akatabasamu. Mvua ilikuwa namba tatu katika orodha yake ya balaa. Alikuwa dobi wa kibarua hospitalini kwa miaka kumi na tisa. Leo alikuwa na usaili wa mtunza stoo ya nguo, kazi ya kudumu, na mwakani umri wake ungepita kikomo cha kuajiriwa. Basi mkobani alitia shati la akiba, soksi, sindano, pini, kiwi, mshumaa na miavuli miwili. Cheti chake cha madarasa ya jioni, alichokisotea miaka minne, alikipeleka duka la picha kikafunikwa plastiki kwa mashine ya moto, mbele na nyuma.

"Unakwenda kwenye usaili au unahama?" mkewe aliuliza.

"Mama Pacha, wengine watakwenda mikono mitupu kama wanakwenda kutembea. Mimi nimejiandaa."

Akapiga magoti. Alimwomba Mungu amfungulie mlango, kisha, kwa kuwa muda ulibaki, akamshukuru kwa kumpa akili ambazo wengi wamenyimwa.

Hao wengi aliwakuta hospitalini, benchini nje ya chumba cha usaili, wawili. Kijana mmoja alivaa tai iliyoishia kifuani, ya kuazima bila shaka. Binti aliyeketi kando yake alilowa chapachapa, bahasha moja tu mkononi.

"Shikamoo, baba. Una pini? Kishikizo cha sketi kimekatika."

"Marahaba. Ninazo, ila ni za dharura zangu." Akafunga zipu.

"Mzee kabeba duka zima, hauzi," kijana alinong'ona.

Vifaranga, aliwaza Baba Pacha. Wakiulizwa shuka la wodi hukunjwa vipi watalia.

Katibu muhtasi alikuja na muhuri. Kila cheti halisi kiligongwa mgongoni kuonyesha kimekaguliwa, ndipo mwenyewe aruhusiwe kuingia ndani. Cha binti, pa! Cha kijana, pa! Cha Baba Pacha kilipogongwa, wino uliteleza juu ya plastiki. Katibu akaufuta wote kwa kidole kimoja.

"Baba, nani alikutuma ukikaange?"

"Niliogopa mvua, mama."

"Mvua! Kisicho na muhuri hakiingii humo."

Baba Pacha akatoa sindano, akachokoa pembe ya plastiki. Karatasi ikaanza kung'oka nayo, pamoja na herufi ya kwanza ya jina lake. Akaacha. Mkoba mzima, na hakuna kitu ndani yake cha kumwokoa. Bwana, alisema moyoni, mpumbavu ni mimi.

"Dada," binti akamwambia katibu, "nilipokuwa kibarua, aliyekosa hati aliahidi mbele ya mashahidi wawili, akapewa siku za kuileta."

"Hata hapa ruhusa hiyo ipo. Mashahidi atawaokota wapi?"

"Mimi mmoja." Akamgeukia kijana. "Na wewe?"

"Nimtetee anayegombea kazi yangu?"

"Kwani umeshapewa?"

Kijana alikuna shingo. "Haya bwana, niandike."

Katibu alivuta kiti. "Asimame, aseme analeta nini na lini, ndipo aingie. Akikosa, jina linafutwa."

Baba Pacha alisimama. Alishindwa kumtazama binti, akasema kitu akiwa ameinamia sakafu.

"Sauti, baba. Mashahidi lazima wasikie."

Akainua uso, akawatazama wote wawili.

"Naahidi mbele ya binti huyu na kijana huyu, ambao sikuwastahili, kwamba Alhamisi kabla ya saa nne nitaleta barua ya mkuu wa shule yangu ya jioni, yenye muhuri, kwamba cheti hiki ni changu. Nikishindwa, jina langu lifutwe, wala sitamlaumu mtu."