Ngozi ya Dina

Siku walipokuja kumchukua mtoto, Evodia alikuwa uani akipura alizeti. Alimwona mwenyekiti wa kitongoji ametangulia, nyuma yake afisa ustawi wa jamii kutoka Nduguti, kijana mpole aitwaye Andrea, na nyuma kabisa mama mkwe wake, Rebeka, amejitanda kanga kama mtu aendaye msibani. Akajua kabla hawajaketi.

"Mama Dina," Andrea alianza, "tumepata taarifa kwamba mtoto anaunguzwa."

"Nani kasema?"

Rebeka alitazama chini, na hilo likawa jibu.

Dina alikuwa bado hajaanza kutambaa. Tangu alipozaliwa, malengelenge yalimtoka kila alipoguswa: kwapani alikoinuliwa, kwenye visigino vilivyosuguana na shuka, kwenye paja lililobanwa na nepi. Yalijaa maji, yakapasuka, na ngozi ikabanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Zahanati walimpa dawa ya kupaka. Majirani hawakumpa Evodia kitu. Walitazama vidonda, wakatazama sufuria ya maji ya kuogea, wakatazamana.

"Simuunguzi," Evodia alisema. "Ninamshika tu."

Hata masikioni mwake mwenyewe maneno hayo yalisikika kama uongo.

Jioni Kefa, mumewe, alirudi kutoka shamba la vitunguu akakuta kitanda cha mtoto kitupu. Alisimama mlangoni, jembe likiwa bado begani, Evodia akimweleza kwamba Dina amepelekwa kwa Rebeka.

"Acha akae kwa mama kidogo," alisema hatimaye. "Kama si wewe, itajulikana."

Evodia alimtazama. "Na wewe hujui kama ni mimi?"

Kefa akaenda kunawa. Usiku huo kila mmoja alilala ameelekea ukuta wake.

Waliruhusu aende kunyonyesha asubuhi na jioni, Rebeka akiwa ameketi mbele yake. Hawakusemezana zaidi ya shikamoo na marahaba. Evodia aliona mtoto alivyovalishwa nguo zenye mishono minene, akataka kusema, akajizuia. Nani angemsikiliza? Rebeka alikuwa amelea watoto saba, na mgongo wake ulijulikana kijiji kizima kwamba ukimbeba mtoto analala papo hapo.

Hazikupita siku nyingi, Rebeka akaja mwenyewe. Hakutuma mtu. Alikuja peku, mbeleko imekunjwa mkononi, akakaa chini kwenye maganda ya alizeti.

"Mtoto yuko wapi?" Evodia aliuliza.

"Yuko na Cecilia, jirani yangu. Yu hai." Akafunua mbeleko. Kwa ndani ilikuwa imelowa, na juu ya ule unyevu ilibandikana ngozi nyembamba, nyeupe, pana kama kiganja. "Nilimbeba tu, nikaenda naye kisimani na kurudi. Nilipomshusha, kifua chake kikabaki kwenye nguo. Sijamgusisha maji ya moto, mwanangu. Nilimbeba tu."

"Najua, mama."

"Mimi ndiye niliyekwenda kwa mwenyekiti."

"Hilo nalo nalijua."

Rebeka alilia bila sauti, akijifuta kwa kiganja. Evodia alikuwa ameingoja kwa hamu siku atakayoaminiwa, lakini hakusikia lolote ndani yake isipokuwa haraka ya kwenda kumchukua mwanawe.

Andrea, ambaye aibu ilimfanya awe mwepesi, ndiye aliyewatafutia usafiri hadi hospitali mjini Singida. Walikwenda wote: Evodia, Kefa, na Rebeka, mtoto akiwa amelazwa juu ya kipande cha godoro mapajani mwa mama yake. Daktari aliyewapokea aliitwa Hussein. Alimkagua Dina bila kumshika. Aliinua tu pembe za nguo kwa ncha za vidole, kisha akavuta kiti akaketi karibu nao.

"Nyumba zenu zimekandikwa udongo?" aliuliza.

"Ndiyo," Kefa alijibu.

"Udongo unashika kwa sababu chini yake kuna fito. Ngozi nayo ina tabaka la juu na la chini. Seli za tabaka la juu, hivi vijichembe hai vinavyoujenga mwili, zina kama vikulabu upande wa chini. Kwa vikulabu hivyo zinashikamana na tabaka la pili, ndiyo maana mimi na wewe tukisuguliwa hatubanduki. Dina amezaliwa vikulabu hivyo havikuumbwa sawasawa. Ukimshika, la juu linateleza juu ya la chini, maji yanaingia katikati. Hata mdomoni na kooni ni hivyohivyo."

"Kwa hiyo hakuna aliyemuunguza," alisema Rebeka.

"Hakuna, bibi."

"Na dawa?"

"Ya vidonda ipo. Ya kuvitengeneza hivyo vikulabu, hapa hatuna. Na namna hii aliyo nayo yeye ni kali sana. Sitawadanganya."

Evodia alisema taratibu, kana kwamba anapanga vyombo.

"Ningekuwa ninamuunguza, mngenifunga, naye angepona."

Kefa aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa magoti. Aliponyanyuka aliuliza ugonjwa huo umetoka wapi. Daktari akawaeleza kwamba baba amebeba kasoro na mama amebeba, kila mmoja bila kujua na bila kuumwa. Zilipokutana zote mbili, ndiyo Dina. Kila mimba ingekuwa na hatari hiyohiyo: katika watoto wanne, mmoja anaweza kuzipata zote mbili.

Walirudi nyumbani na chachi, mafuta, na mafunzo. Walijifunza kutoboa lengelenge kwa sindano safi kabla halijatanuka, kugeuza nguo mishono ikae nje, kumwinua mtoto pamoja na godoro lake. Rebeka alisimama kanisani Jumapili akasema alimsingizia mkwewe. Watu waliitikia, lakini nje ya mlango wakaanza kusema kumbe ni laana, tena ya ukoo.

Kuna siku Dina alicheka. Kuku aliruka dirishani, naye akacheka kwa sauti, na Kefa aliyekuwa akila ugali wa mtama akaacha tonge mkononi ili asikilize. Baada ya hapo koo lilijaa vidonda. Maziwa alikamuliwa akanyweshwa kwa kijiko, tone kwa tone, na mengi yalirudi. Mvua zilipoanza alishikwa na homa iliyoingilia mgongoni, ambako ngozi ilikuwa haifungi tena, na alfajiri moja akafa juu ya godoro lake. Evodia hakuwaachia wanawake wamwoshe. Walimwosha yeye na Rebeka, kwa uangalifu uleule, ingawa hapakuwa tena na sababu.

Baada ya matanga Kefa alihamia kibanda cha shambani. Hawakugombana. Alileta vitunguu, alikata kuni, aliuliza hali, akarudi zake. Ukilala karibu na mtu, alisema, mkono unakwenda wenyewe.

Mwezi wa alizeti kuchanua, Rebeka alikuja na bakuli la mlenda. Alikaa, akasema neno ambalo bibi hasemi.

"Mwanangu, msizae tena. Mimi niliyetaka wajukuu ndiye ninayesema. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, hiki nimekilalia."

Evodia aliendelea kubambua karanga.

"Umechelewa, mama. Mimba nilikuwa nayo hata kabla hatujamzika."

Rebeka hakumpa hongera. Hakusema Mungu yupo, wala hakusema watatu kati ya wanne wanatoka wazima, ingawa wote wawili walikuwa wamelihesabu hilo mara nyingi. Aliuliza tu, "Kefa anajua?"

"Hajui."

Mlenda ulipoa kwenye bakuli. Baadaye Rebeka alivuta ungo upande wake, akachota karanga, na wakabambua pamoja mpaka zikaisha.