Kitambaa cha Bawa la Adèle

Jemima alishuka kwenye pikipiki huko Beni na vumbi lote la barabara ya Butembo usoni, akamkuta Adèle kila mahali. Familia ilikuwa imechapisha vitenge vya pamba, liputa za kumkumbuka, zenye picha yake, na watu wote walikuwa wameshazivaa. Hata ndege ilikuwa imevalishwa.

Ndege hiyo isiyo na rubani, yenye mabawa marefu kuliko kitanda, ilikuwa kazi ya mwisho ya Adèle kabla malaria haijamchukua. Alisomea uhandisi wa ndege ng'ambo miaka tisa, akarudi kutengeneza kitu cha kufikisha dawa hadi vijiji vya Manguredjipa wakati barabara imekuwa matope. Jemima, rafiki yake tangu utotoni, aliyeacha shule mwaka wa tano wa msingi, ndiye aliyemshonea mabawa. Leo, baada ya misa, ndege ingeruka mbele ya madaktari. Ikianguka, hakuna ambaye angetaka kusikia habari zake tena.

Jemima aligusa bawa. Pamba. Nailoni aliyoishona yeye ilikuwa imeondolewa.

Adèle alimfundisha mapema: weka mdomo, puliza, pumzi ikitokea upande wa pili, hicho ni kitambaa cha gauni, si cha bawa. Jemima akainama, akapuliza. Pumzi ikamfikia kiganjani bila shida.

Ilibidi aseme. Yeye hata salamu ya amani kanisani huitoa akitazama viatu vya mtu.

"Mardochée," akamwita mhandisi kijana aliyetoka Kinshasa kufanya kazi na Adèle. "Hii hapana ruka."

"Niliona, mais ni mama yake aliomba. Mi nitakatalia mama mwenye iko nalia?"

"Donc uliona, ukanyamaza?"

"Na weye, umekuwa ingénieur leo?"

"Hapana. Mi ni mushonaji. Ndiyo maana nasema."

Jemima akaenda mwenyewe hadi kwa Mama Vagheni, mama wa marehemu, aliyekaa katikati ya wanawake.

"Mama, tuvue ile liputa ku ndege."

"Utavua mutoto wangu mbele ya batu?"

"Mama, Adèle alitengeneza ndege juu ya bagonjwa. Pamba inapitisha upepo, na inakunywa maji. Ikianguka leo, batasema mutoto wako hakujua kazi. Mi sitakubali."

"Huyu hata primaire hakumaliza!" akadakia shangazi mmoja.

"Ni kweli, shangazi. Sikuficha."

Safari hii macho yake hayakushuka. Mama Vagheni akamgeukia.

"Miaka yote unakulaka kwangu," akasema, "sijasikia unasema maneno mingi hivi." Akajifunga liputa vizuri kiunoni, akasimama. "Tunaanza na bawa gani?"

Waliivua pamoja, mama akishika kitambaa, Jemima akipitisha wembe kwenye mishono. Nailoni ya zamani ilikuwa imekatwa vipande, ikabidi kuanza upya na nailoni iliyobaki kwenye vifaa vya Adèle. Cherehani ikaazimwa kwa jirani. Madaktari walipoanza kutazama saa, Mardochée akaja mbio.

"Jemima, badocteur banangoja. Nibaambie nini?"

Jemima alikuwa akitunga uzi kwenye sindano. Hakuinua kichwa.

"Bakule kwanza," akasema. "Itaruka kesho."