Chapati za Getini

Mwihaki alikuwa amewaapia watoto wake, Munene na Betty, kwamba siku hiyo, kwenye uwanja wa michezo, watapanda kila bembea na kila farasi wa plastiki. Alifunga duka lake la mtaani Kapsoya, akapika kana kwamba anaenda kuwaona watoto shule ya bweni: chapati, kuku, viazi, na chai ya maziwa kwenye thamosi.

Getini, askari alifunua hotpoti la chakula, akanusa, akatikisa kichwa. "Mama, chakula cha nje hakiingii."

"Si tumwachie tu," mumewe Wanjohi akanong'ona.

"Kuku wangu?"

Basi Mwihaki akatandika leso kwenye nyasi, palepale nje ya geti, na kuamuru kila mtu ale mpaka kiishe. Munene na Betty walikula huku wakitazama bembea ndani ya ua. Kila walipoinuka aliwakalisha. "Ongeza! Nani atarudi nacho nyumbani?"

Walipoingia, bembea ya kwanza haikuwa hata imeshika kasi, Munene akamtapikia baba yake shatini. Betty alishika tumbo, akakataa kusogea. Muda si muda wote watatu, baba na watoto, walikuwa wamejilaza kivulini, wakikoroma.

Mwihaki aliwatingisha mmoja mmoja. Hakuna aliyeinuka. Akakaa kando yao na tiketi mkononi, akitazama farasi wa plastiki wakizunguka na watoto wa watu wengine, mpaka kengele ya kufunga ikalia.

Betty akafungua jicho. "Mama, kwani chapati ziliisha?"