Mwindaji Kichwa Chini

Kiangazi cha mwisho cha kaka yangu Saverio nyumbani, tulikimalizia mbele ya kompyuta, tukihangaika na sakafu. Jua la Mildura, huku kwetu Australia, lilikuwa likiunguza mashamba ya zabibu, na mama hakututaka nje mchana. Basi tulikuwa tukifunga mapazia, tukiwasha feni, na kuingia kwenye jumba la mwanafalaki.

Lilikuwa gemu tulilopewa na binamu yetu wa Adelaide alipolichoka. Ndani yake kuna bwana mwenye koti refu anayemtafuta mjomba wake, mtazama nyota aliyepotea. Tulikuwa tumeshaifungua maktaba, tumeshamlaghai mbwa wa mlangoni kwa mfupa. Kisha tukafika kwenye ukumbi wa vigae vya buluu, vingi vikiwa na nyota, na mlango upande wa pili. Juu ya mlango palichongwa maneno: Mfuate Mwindaji, toka begani hadi mguuni.

Ukikanyaga kigae kisichofaa, sakafu inafunguka, bwana wa koti anatumbukia huku akipiga yowe, na unarudishwa kwenye ngazi. Mama alilichukia yowe lile. "Huyo mtu hajafa tu?" alikuwa akiuliza kutoka jikoni.

Saverio alikuwa kijana wa miaka kumi na minane, mimi mdogo wake kwa miaka sita. Alikuwa anakwenda Melbourne kujifunza ufundi umeme, na aliapa hataondoka kabla hajauvuka ukumbi ule.

Mwindaji, lile kundi la nyota, tulimjua. Kila kiangazi hukaa juu ya vichanja vyetu vya kukaushia zabibu, nyota tatu mstarini na nyingine zimepanda juu yake kama mpini, ndiyo maana huku kwetu watu humwita Sufuria. Tukawa tunatafuta sufuria sakafuni. Hatukuiona. Kila tulichodhani ni sufuria kilimtumbukiza bwana wa koti.

"Ornella, hiyo ni sufuria au kiatu?" Saverio alinifokea.

"Wewe ndiye uliyebonyeza!"

"Nimebonyeza ulipoonyesha, kichwa maji wewe."

Ikafika siku ya safari. Begi lake lilikuwa kibarazani na baba alishawasha gari kumpeleka stendi ya basi. Saverio akasema anarudi ndani kuchukua kofia. Nilimkuta kitini, kofia kichwani, kipanya mkononi.

Sikutaka aone kwamba nataka kulia. Nikajilaza kochini kinyumenyume, miguu ukutani, kichwa kikining'inia karibu na sakafu, penye ubaridi kidogo. Nikakitazama kioo cha kompyuta hivyo hivyo, juu chini. Na sufuria ile pale katikati ya ukumbi, mpini juu, vilevile kama inavyokaa juu ya vichanja.

"Kaka! Iko kichwa chini!"

"Nani yuko kichwa chini? Si wewe hapo?"

"Sufuria! Njoo ulale hapa uone."

Alinitazama kana kwamba nimepigwa na jua, kisha akaja na urefu wake wote, akaning'iniza kichwa kando yangu. Kofia ikaanguka. Mara akaanza kucheka. Waliotengeneza gemu lile walikuwa watu wa kaskazini ya dunia. Kwao Mwindaji husimama kwa miguu yake. Sisi wa kusini ndio tunaomwona amepinduka.

"Maskini, siku zote tunapikia tumboni mwa mtu," alisema.

Akarudi kitini. Mimi nikabaki nimening'inia, nikimwelekeza. "Bega ni ile ya chini, kulia. Kwako ni juu, kushoto. Sasa shuka mkandani, zile tatu. Polepole!"

Honi ya gari ikalia mara ya kwanza, ikalia tena, kisha baba akaingia mwenyewe.

"Saverio, hilo basi ni la babako?"

"Bado kidogo tu, baba. Ukiniondoa sasa nitakufa huko Melbourne."

Baba akaniangalia mimi, akamwangalia yeye, akainama kwenye kioo. Tangu tununue ile kompyuta hakuwahi kuisogelea. "Na ile pale pembeni, ing'aayo sana? Hiyo si ndiyo mguu?"

"Ndiyo hiyo."

"Basi kanyaga, unangoja nini?"

Mlango ukafunguka. Nyuma yake palikuwa na bustani, chemchemi ikitiririka na kinanda kikilia kwa mbali. Tukasimama watatu tukiitazama.

"Leo mbona hajapiga yowe?" mama akauliza.

Stendini, basi tulilikuta likiwasha injini. Saverio alitoa kichwa dirishani, akanipigia kelele nisiguse kitu mle bustanini mpaka arudi.

Nikamtii. Alirudi Pasaka, ana masharubu, na habari za rafiki zake wapya haziishi. Aliketi kwenye kompyuta muda mfupi, akaitazama chemchemi, kisha wenzake wakamwita kucheza mpira. Alipoondoka tena nikaendelea peke yangu. Katikati ya baridi, bwana wa koti akamkuta mjomba wake akiwa hai kwenye mnara, majina ya watengenezaji yakapita, na chumba kikawa kimya mno.

Nikampigia simu Saverio kwenye nyumba aliyopanga. Wapangaji wenzake walikwenda kumwita. Alikuja akihema.

"Kuna nini? Baba mzima?"

"Mzima. Mjomba amepatikana."

"Tumemaliza?"

"Tumemaliza, kaka."

"Haya, anza pale bustanini. Usiruke hata kidogo."

Nikavuta kiti, nikamsimulia yote, na mama nyuma yangu akamenya maharage akinong'ona kuuliza ni mjomba gani huyo.