Nyumba ya Vyumba Vitatu Kule Tambarare

Siku Mzee Kyengo alipohama mtaa wa Landless mjini Thika, alikodi lori kubwa kuliko mizigo yake ili watu waone. Viti vinne, vitanda viwili, kabati la vyombo na meza ya kusomea vilifungwa kamba katikati ya lori, na pembeni pakabaki nafasi ya kulaza ng'ombe. Kabla ya kupanda, alivua kofia akasimama katikati ya ploti ya vyumba vya kupangisha aliyoijenga mwenyewe, akawahutubia wapangaji.

"Tumeishi vizuri," alisema. "Lakini mtu hukua. Mkinihitaji, ulizeni kwenye geti la Tambarare Gardens. Mtaelekezwa."

Wengine walipiga makofi. Maggie, mshonaji aliyekaa chumba cha karibu na mfereji wa maji, aliuliza kama huko sukuma wiki huuzwa kwa fungu au kwa miadi. Watu wakacheka. Nzilani, mke wa mzee, alikuwa ameshaketi mbele kando ya dereva, jiko lake la makaa likiwa mapajani, na hakucheka.

Mzee alikuwa na haki ya kujivuna. Alikuja Thika kijana asiye na kitu, akawa mbeba marobota katika kiwanda cha nguo. Mchana alibeba, jioni alisoma darasa la watu wazima huku mabega yakimwaka. Mtihani wa kidato cha nne aliufanya akiwa ameanza kuota mvi, ameketi kati ya watoto ambao angeweza kuwazaa. Alipostaafu alikuwa msimamizi wa ghala, na ploti ya mawe ilikuwa imesimama Landless, chumba baada ya chumba, jinsi mshahara ulivyoruhusu. Kisha Njau, mfanyabiashara wa mabati, akataka kuinunua. Mzee akauza, akaongeza kiinua mgongo chake, akanunua nyumba Tambarare Gardens.

Mtaa wenyewe ulijengwa mashariki ya mji, mbali, pale ambapo mashamba ya mananasi yanakwisha na nchi inaanza kukauka. Nyasi huko ni za rangi ya jivu karibu mwaka mzima. Migunga imesimama mmoja mmoja, kama watu waliogombana, na upepo hauna cha kuuzuia mpaka ufike kwenye ukuta wa mtaa wenye nyaya za stima juu yake. Ndani ya ukuta kila kitu kilikuwa kizuri: barabara ya matofali, maua yanayonyweshwa kwa mipira, nyumba nyeupe zinazofanana kama meno. Ya mzee ilikuwa na vyumba vitatu vya kulala, bafu mbili, na taili zilizong'aa hata akaogopa kuzikanyaga na viatu.

Wiki ya kwanza alizunguka humo akiwasha taa na kuzizima. Wiki ya pili alianza kusikia kimya. Nusu ya nyumba zilikuwa za watu walio ng'ambo, zimefungwa mapazia. Wenye nyumba nyingine walitoka alfajiri kwenda Nairobi na kurudi jioni katika magari yaliyofungwa vioo. Geti la nyumba lilijifungua lenyewe, likawameza, likajifunga. Ukiwasalimia, walikuinulia kidole kimoja kutoka kwenye usukani.

Hata chai ilikataa kuwa chai. Maji yalitoka kisimani, yana chumvi, na ukiweka maziwa yanakatika.

Nzilani hakulalamika. Aliendelea kwenda Landless kila siku isipokuwa Jumapili kuuza mboga kwenye kibanda chake, akitoka giza likiwapo na kurudi giza likiingia. Mzee alimwambia aache, sasa wao si watu wa vibanda. Akajibu, "Nikiacha nitaongea na nani, Baba Wavinya? Friji?"

Jambo lililovunja nyumba lilikuwa maharagwe.

Jumapili moja Nzilani alinunua maharagwe mabichi kwa wakulima wa ng'ambo ya ukuta, akayaanika kwenye gunia mbele ya nyumba. Jua la kule ni zuri kwa kuanika. Pengine ndilo jambo pekee alilolisifu. Kabla ya saa sita, mtu asiyejulikana alikuwa ameyapiga picha na kuituma kwenye kundi la simu la wakazi, na chini yake ameandika kwa Kiingereza kwamba hapa si sokoni, tafadhali tuheshimiane.

Mzee aliisoma, masikio yakapata moto. Akaketi kwenye meza yake ya kusomea, akaandika jibu refu, akalisahihisha mara kadhaa, akalituma. Kisha akatoka nje kumwonyesha mke wake simu.

"Nimewajibu kwa Kiingereza safi kabisa. Wajue hapa kuna mtu aliyesoma."

"Umewaambia nini?"

"Kwamba tunaomba radhi. Kwamba lilikuwa kosa la mtu asiyejua taratibu, na halitarudiwa."

"Huyo asiyejua taratibu ni mimi?"

Mzee akairudisha simu mfukoni. Nzilani akapiga magoti, akayazoa maharagwe kwa viganja vyake mpaka lile la mwisho. Jumatatu alikwenda kibandani kama kawaida, na jioni hakurudi. Alipiga simu kusema kwamba amepanga chumba kwa Njau, namba sita ya ile ploti yao ya zamani, na kwamba kuna nyama kwenye friji.

Hivyo mzee akabaki peke yake. Alijipikia uji na mayai. Alikula akiwa amesimama, maana meza ya watu wanne ilimtia haya. Wavinya, binti yao anayekaa Mwiki kule Ruiru, alipiga simu Jumapili akasema kwa upole, "Baba, nenda ukaongee na Mama. Haya si ya kunituma mimi." Mzee akamjibu kwamba mwanamume hafuati mke.

Kila jioni alitembea hadi geti kuu. Pale palikuwa na askari aliyeitwa Mutiso, kijana wa Matuu, ambaye alikuwa amekatazwa kupiga soga na wakazi.

"Kuna mtu ameniulizia leo?"

"Hakuna, mzee."

Alirudi siku ya pili na ya tatu na swali lilelile. Baada ya muda Mutiso akaona huruma, akaanza kujibu, "Bado, mzee." Mzee akaelewa kwamba anahurumiwa na askari wa geti, na hilo lilimuuma kuliko kimya chenyewe.

Jumamosi moja alivaa suti, akapiga kofia yake brashi, akaenda Landless kumrudisha mke wake. Hotuba alikuwa nayo kichwani, imepangwa vizuri. Aliingia kwa njia ya nyuma asionekane, lakini Maggie alikuwa ameweka cherehani yake hapohapo nyuma, kwenye kivuli.

"Haiya, landlord," alisema bila kuinua mguu kwenye cherehani. "Umekuja kudai kodi? Siku hizi tunamlipa Njau."

"Nimekuja kumwona mke wangu."

"Namba sita. Lakini piga hodi vizuri. Huyo mpangaji ana maneno."

Mzee akapiga hodi kwenye mlango alioununua yeye mwenyewe. Nzilani akafungua, akamkaribisha, akampa kiti kimoja kilichokuwapo, naye akaketi kitandani. Chumba kilikuwa na joto. Dirisha lilikuwa juu sana, dogo kama la choo. Miaka yote wapangaji walimlalamikia kuhusu madirisha hayo, akawaambia ni kwa ajili ya usalama. Leo aliketi chini yake na jasho likamshuka shingoni.

Nzilani akampa chai. Ilikuwa chai hasa. Akanywa vikombe viwili kabla ya kukumbuka hotuba yake.

"Mama Wavinya, mke wa mtu hapangi chumba wakati mume wake ana nyumba ya vyumba vitatu."

"Hata mimi nilishangaa nilipopanga."

"Basi funga vitu twende."

"Kule sirudi." Alisema bila hasira, kama mtu anayetaja bei. "Mimi sikukuacha wewe. Niliacha ile nyumba. Ungeandika tu kwamba ni maharagwe ya mke wako, ningekaa mpaka nizikwe huko na chumvi yao."

Mzee alizungusha kofia mikononi. "Nilikosea," alisema. Neno lilitoka dogo kuliko alivyodhani. "Nilitaka wanione."

"Walikuona?"

"Hapana."

Nje watoto walikuwa wakigombania tairi. Harufu ya vitunguu ilipita mlangoni. Nzilani alichukua ungo akaanza kuchagua mchele, na mzee akamtazama mpaka mwanga ukaanza kupungua.

"Nikirudi hapa watanicheka," alisema hatimaye. "Niliwahutubia."

"Watakucheka, ndiyo. Halafu watachoka. Watu wa hapa wana kazi."

Hakumwomba abaki. Mzee akainuka, akavaa kofia, akasema ni vizuri awahi gari. Nzilani akaweka ungo chini, akachukua leso yake msumarini, akaingiza miguu kwenye ndara.

"Unakwenda wapi?" mzee akauliza.

"Kukusindikiza."

Alisema kwa adabu kabisa. Ndivyo alivyosindikiza watu maisha yake yote: wachungaji, mashemeji, wanawake wa chama. Huwafikisha kwenye kona ya duka la unga, huwashika mkono, huwaambia wasalimie nyumbani. Mzee alikuwa amewaona wakisindikizwa miaka arobaini. Yeye hajawahi. Mwenye nyumba hasindikizwi.

Akasimama kizingitini, mkono ukiwa kwenye fremu ya mlango. Nzilani alingoja nyuma yake, leso begani.

"Usinisindikize," alisema.

"Kwa nini?"

Mzee alivua kofia, akatafuta pa kuitundika, akaiweka juu ya mtungi. Kisha akavua koti. Nzilani akalitazama lile koti, akairudisha leso msumarini, akaongeza kikombe kimoja cha mchele kwenye sufuria.

Kitanda kilikuwa chembamba. Upande wa pili wa ukuta mtoto alikohoa, mtu akampa maji, redio ikasoma habari za bei ya maziwa. Mzee alilala mpaka jua likachomoza, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu ahame.

Simu ndiyo iliyomwamsha. Alikuwa Mutiso.

"Mzee, taa yako haikuwaka jana. Nimeogopa. Uko salama?"

"Niko kwa mke wangu."

"Ah, basi ni vizuri." Kisha akaongeza, "Sasa jioni mimi nitaulizwa na nani?"

Mzee alimshukuru, akabaki ameshika simu, akiona aibu kwamba hajawahi kumuuliza kijana huyo anakula wapi.

"Maji yatakatika saa mbili," Nzilani alisema akiwa amechutama mbele ya jiko. "Kama unaoga, enda upange laini kwenye mfereji."

Akatoka na ndoo, amevaa suruali ya suti na fulana. Kwenye mfereji walikuwapo watu kama saba, na wote walimwona kwa pamoja. Mazungumzo yakafa. Ni Maggie aliyeyafufua.

"Landlord, umelala?"

"Nimelala."

"Na kule kwa matajiri, wamekufukuza?"

Kulikuwa na majibu mengi ya heshima, na mzee aliyajua yote. Angeweza kusema amekuja kumtembelea mama, au kwamba nyumba inapakwa rangi. Walikuwa wanangoja moja ya hayo, miswaki midomoni.

"Hawakunifukuza," alisema. "Hawakujua hata niko. Nimeshindwa na upweke, Maggie. Nimerudi kupanga hapa kwa Njau kama nyinyi."

Hakuna aliyecheka mara moja. Kisha mwanamume mmoja akasema huku akitema povu, "Basi mwambie Njau ashushe hayo madirisha, mzee. Wewe tulikuambia ukakataa."

Hapo ndipo wakacheka, kwa sauti, na kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mzee akasimama katikati ya kicheko hicho, uso ukiwaka, akakingoja kipite. Maggie alijaza mtungi wake akauvuta kando. Watu wakasogea. Mzee Kyengo akaisukuma ndoo yake mbele kwa mguu, akangoja zamu yake.